Debe la Kugeuzia Gari

Wiki iliyopita nilifika nyumbani Kitale, nikazunguka nyuma niingilie jikoni kama kawaida yangu, na pale kando ya mlango nikakuta mama amelitoboa debe letu matundu chini, akalijaza udongo na mbolea ya ng'ombe, akapanda dhania. Nilisimama nikalitazama kwa muda. Wewe ungepita tu, rafiki yangu, maana ni debe la kawaida la mafuta ya kupikia, lenye kutu mdomoni na waya badala ya mshikio. Lakini kwetu debe hilo lilikuwa na jina lake. Liliitwa debe la kugeuzia gari, na ole wako mama akukute unalifulia soksi.

Ngoja nikueleze. Baba alikuwa karani katika shamba kubwa la mahindi upande wa Kiminini. Mwenye shamba, mzee wa Kizungu, alipofunga mizigo kurudi kwao aliuza kila kitu. Wenye akili walinunua ng'ombe wa maziwa, wengine wakanunua jembe la trekta. Baba akanunua gari la spoti. Lilikuwa la milango miwili, rangi ya kijani, refu mbele na fupi nyuma, na lilikuwa chini kiasi kwamba kuku akivuka barabara aliweza kumtazama dereva machoni. Mama hakusema naye kwa siku tatu. Tulikuwa watu wanne, na gari lilikuwa la watu wawili na nusu, kwa hiyo mimi na dada yangu mkubwa tulikunjwa nyuma ya viti magoti yakiwa kidevuni, na kati yetu mkungu wa ndizi au kuku aliyefungwa miguu, kutegemea tunaenda wapi.

Kwenye lami, likishashika mwendo, gari lile lilikuwa raha. Tatizo lilikuwa kuligeuza likiwa limesimama. Halikuwa na pawa, ule mtambo unaosaidia kuzungusha usukani. Usukani wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na ua wetu ulikuwa mdogo, umebanwa na zizi upande mmoja na choo upande wa pili. Baba alikunja mikono ya shati, akauma ulimi, akauvuta usukani kwa kifua na mabega, na matairi ya mbele yakang'ang'ania udongo mkavu kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Shingo yake ilitoka mishipa. Akimaliza, shati limelowa mgongoni, alishuka akasema maneno aliyoyasema miaka yote: "Gari ya ukweli lazima ikutoe jasho."

Sijui ni nani aliyegundua habari ya maji. Baba anadai ni yeye. Mama anadai ni mvua, maana siku za mvua gari liligeuka bila kelele, na yeye ndiye aliyeona. Vyovyote vile, ukimwaga maji chini ya matairi ya mbele, udongo unateleza, na usukani unakubali. Basi ikawa kazi yetu. Tairi la kulia lilikuwa langu, la kushoto la dada, na debe lilikuwa moja, hivyo tulikimbizana nalo kuzunguka boneti. Baba alitoa mkono dirishani na kuita kwa sauti ya kamanda, "Maji!" Unamwaga kidogo, unaruka nyuma, tairi linalia, gari linasogea hatua. "Maji!" Tena. Hadi leo nikisikia harufu ya vumbi lililolowa pamoja na petroli, nasikia pia kengele ya kanisa, maana mara nyingi tuligeuza gari Jumapili asubuhi huku tumevaa soksi nyeupe. Hazikufika kanisani zikiwa nyeupe.

Safari kubwa ilikuwa ya Desemba, kwenda kwa nyanya, mama yake baba, huko Bumula. Tulipita Kiminini watoto wakitukimbilia wakipiga kelele "Langalanga! Langalanga!", yaani gari la mashindano, tukasimama Matulo baba anunue miwa, halafu Bungoma mjini kutia mafuta, kisha barabara ya vumbi hadi kwenye mlango wa nyanya. Yeye alikuwa ametusikia tangu kwenye daraja. Alisimama katikati ya ua, mkono kiunoni, akingoja. Kama watu wengi wa kule, kwake L na R zilikuwa mapacha, ukimwita huyu anaitika yule, na gari letu la langalanga aliliita rangaranga. Kwa kuwa gari lilikuwa na rangi moja tu, tena inayobanduka, sisi watoto tuliona hilo ni jambo la kuchekesha kuliko yote duniani.

Ua wake ulibanwa na ghala la mahindi na migomba, ukawa mgumu kuliko wetu. Na maji ya kule yalitoka kisimani, chini kabisa ya mteremko. Debe moja la kugeuzia tukifika, debe moja la kugeuzia tukiondoka, na mimi na dada ndio tuliopanda kilima nalo kichwani, maji yakitutiririkia shingoni. Nyanya hakumruhusu mtu mwingine kumwaga debe la kwanza. Alilichukua, akainama, akamwagia matairi taratibu huku akimsema baba. "Rangaranga yako tunaiosha miguu kama mgeni. Na mgeni mwenyewe hata hasemi asante." Kisha tukaingia ndani kula kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi, na mrenda uliovutika kutoka kwenye sahani hadi mdomoni. Baba alikula akiwa bado anatetemeka mikono kwa ajili ya ule usukani, na nyanya alimwekea paja la kuku bila kumuuliza mtu.

Nyanya alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Baba hakuacha kwenda. Kila mwezi, kwa miaka yote hii, alitoka Kitale na lile gari, akapita njia ile ile, akasimama Matulo pale pale, akaenda kupalilia kaburi na kuangalia migomba. Mama alikwenda naye. Walibeba debe kwenye buti, limejaa nusu na kufunikwa kwa nailoni. Nilimwambia mara nyingi kwamba kuna magari ya abiria, au mimi nimpeleke na gari langu, maana nafundisha Bungoma mjini na Bumula si mbali. Yeye alikwenda kujaza debe. Nilielewa baadaye kwamba gari lile lilikuwa njia yake ya kwenda kwa mama yake, na hakuijua njia nyingine.

Sasa sikia kilichotokea. Mwaka jana bega lake la kulia lilikauka. Hawezi kuinua mkono kuchana nywele, ambazo hata hivyo zimebaki chache. Mwezi mmoja wakirudi kutoka Bumula, mkokoteni wa punda ukaingia barabarani karibu na Kiminini. Baba akavuta usukani, bega likagoma. Mama akarukia usukani kutoka upande wake, wakavuta wote wawili, na gari likatoka nje ya lami likasimama katikati ya mahindi ya mtu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, hata punda. Lakini mama alinipigia simu sauti ikiwa imekauka. "Mimi hiyo gari sipandi tena. Na yeye haendi peke yake. Mwambie wewe, mimi ameshindwa kunisikia."

Nikaenda, nikasema. Ilikuwa siku mbaya. Dada alisema kwa simu akiwa mbali alikoolewa, mimi nikasema nikiwa hapo hapo sebuleni: ama gari liwekwe pawa, ama liuzwe. Kulikuwa na mtu wa Nairobi anayekusanya magari ya zamani, alikuwa akilitaka kwa muda mrefu. Baba akakasirika.

"Gari ya spoti ukiiwekea pawa ni kama umehasi ng'ombe dume. Inabaki kula nyasi tu."

"Baba, si afadhali ile nyasi kuliko kaburi?" nikamjibu, na mara nikajuta, kwa sababu aliinuka akatoka nje.

Jioni, akiwa amekaa ndani ya gari mlango wazi, aliniita. Alisema sawa, mafundi wajaribu kuweka pawa. Lakini wasikate bodi. Mzungu aliliacha zima, na yeye ataliacha zima. Ikiwa lazima msumeno uguse bodi, basi waache, huyo mtu wa Nairobi aje Jumatatu ya mwisho wa mwezi alichukue, na yeye baba hatakuwa nyumbani siku hiyo. Aliyasema hayo akipangusa dashibodi kwa kiganja. Sikuwahi kumwona baba akiwa mdogo namna ile.

Fundi niliyempata ana gereji Bungoma, nyuma ya kinu cha kusaga unga, na kwa hiyo yeye na magari yake yote huwa na vumbi jeupe kama wamebatizwa upya. Ni kijana mpole, mzaliwa wa huko huko. Alifungua boneti, akazunguka, akachungulia kwa tochi. Pampu ya pawa inakaa kando ya injini na kuzungushwa na mkanda, na injini ile ilikuwa imejaa ndani ya boneti kama mguu ndani ya kiatu.

"Madam," akaniambia akijikuna kidevu, "pawa naweza. Pampu iko, usukani tutafunga. Shida ni mahari."

Alimaanisha mahali. Mimi ni mjukuu wa nyanya wa rangaranga, hata sikupepesa macho. Nikamwambia atafute mahali, na asikate. Akaahidi. Kila siku mbili nilimpitia nikitoka shule, na kila siku mbili alitoa kichwa chini ya gari na kusema, "Mahari bado, madam." Siku zikaisha. Baba hakupiga simu kuuliza, ila mama aliniambia kwamba anaamka, anaoga, anavaa viatu, halafu anakaa kwenye baraza akitazama ile sehemu tupu ambapo gari hukaa. Chai inapoa mkononi. Ikabaki wiki moja mtu wa Nairobi afike, na mimi nikaanza kukosa usingizi.

Wiki hiyo nilikuwa nasimamia mtihani, na kwenye mtihani simu tunazima. Nikampa fundi nambari ya baba, nikamwambia, ukipata jibu lolote, zuri au baya, mwandikie mzee mwenyewe. Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku ya Alhamisi mama alinipata kwa simu jioni. "Kesho mtihani inaisha saa ngapi? Basi uwe hapa saa nane. Vaa ile rinda ndefu ya bluu. Nywele nayo ushughulikie. Usiniulize."

"Mama, baba ni mzima?"

"Mzima sana. Amekula ugali mbili."

Nilifika Kitale kesho yake na moyo mkononi. Langoni nikakuta viti vya plastiki vya kanisa vimepangwa kwa safu mbili. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni, na harufu ya kuku, si mmoja, na ya chapati. Akina mama wa kanisa walikuwa wamefunga leso kiunoni, na waliponiona wakapiga vigelegele. Baba alikuwa kwenye baraza amevaa koti la suti, lile la harusi ya dada, bega moja limeinama. Aliinuka. Alinishika mikono yote miwili, jambo ambalo hatufanyi kwetu.

"Mwanangu, kwa nini ulinificha?"

"Nimeficha nini, baba?"

Mama akanionyesha simu. Ujumbe ulitoka kwa nambari isiyo na jina, maana baba hahifadhi nambari za watu, anasema mtu akikuhitaji atajitaja. Uliandikwa hivi: "Mzee hamjambo huko. Mahari imepatikana. Tumesumbuka sana rakini imepatikana. Kesho saa tisa tunakuja hapo nyumbani."

Elewa, rafiki yangu, mimi nakaribia hamsini na sijaolewa, na wala sijutii, ila wazazi wangu wamejuta kwa niaba yangu. Na baba ni mtoto wa Bumula. Maisha yake yote ameita lori roli. Ikiwa kuna mtu Kenya nzima aliyepaswa kuusoma ujumbe ule vizuri ni yeye. Lakini alisoma kile alichokuwa akingoja kusoma kwa miaka ishirini. Hata lile neno "rakini" halikumshtua, kwa sababu yeye pia huliandika hivyo.

Mimi niliitambua nambari. Nikakaa kwenye kiti cha wakwe. Imepatikana! Nilitaka kucheka na kulia pamoja, na nilitaka kusema, lakini akina mama walikuwa wakinitazama kwa furaha kubwa hivi kwamba nilikosa pa kuanzia. Na kabla sijaanza tukasikia injini. Mlio ule hakuna asiyeujua mtaani kwetu. Gari la kijani likaingia langoni taratibu, vumbi la unga bado kwenye kioo, vigelegele vikalipuka, na fundi akashuka na ovaroli yake, macho yamemtoka.

"Habari zenu, wazazi. Kumbe nimekuta sherehe?"

Baba alichungulia kiti cha abiria akitafuta bwana harusi. Akakuta gunia la vyuma vya usukani wa zamani.

"Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani, mzee? Nimekuja pekee yangu."

"Si umeandika mahari imepatikana?"

"Eeh, mzee! Imepatikana! Mahari ya pampu. Ile betri nimepereka nyuma kwa buti, ndiyo hapo mbere mahari ikatokea. Cheki mwenyewe. Bodi sijakata, hata tundu moja ati."

Mtu mmoja jikoni akaangusha mwiko. Nilimtazama baba, na nakuambia kweli, niliogopa. Uso wake ulishuka, ukakaa chini kidogo, halafu ukaanza kupanda tena kutoka upande mwingine. "Hujakata?" akauliza. "Sijakata." "Hata kidogo?" "Hata kidogo, mzee." Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alishika nguzo ya baraza akacheka mpaka leso ikafunguka, na akina mama wa kanisa, wakishaelezwa, wakacheka zaidi yake, na baba akasimama katikati yetu amevua miwani anafuta macho. Sikujua ni cheko au ni kilio. Nafikiri yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa amepoteza mkwe na kupata gari kwa dakika moja.

"Panda, mzee," fundi akamwambia. "Zungusha na kidore kimoja tu."

Baba aliingia. Ilikuwa kiangazi, ua umekauka kama sakafu. Aliweka mkono wa kushoto kwenye usukani, ule mzima, akapumua, akauma ulimi. Na kabla hajagusa kitu chochote akatoa kichwa dirishani na kuita kwa sauti ile ile ya zamani:

"Maji!"

Na mimi, mwalimu mwandamizi, na rinda langu refu la bluu na nywele zilizotengenezwa, nilijikuta nakimbia. Nilizunguka nyumba, nikanyakua debe kando ya mlango wa jikoni, nikafungua bomba, nikangoja lijae. Nikarudi mbio maji yakinimwagikia viatuni. Nilipofika, gari lilikuwa limeshageuka. Lilikuwa linatazama lango, kimya, na baba amekaa ndani akitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Shati lilikuwa kavu.

Nilisimama na debe langu. Watu walikuwa wakipiga makofi. Sikujua niyapeleke wapi maji yale, kisha nikamkumbuka nyanya, nikainama nikamwagia tairi la kulia taratibu, halafu nikazunguka boneti nikamwagia na la kushoto, la dada. Baba alishuka akasimama kando yangu. Akangoja maji yaishe. "Asante," akasema, kwa niaba ya gari. Kisha tukala kuku wa mahari, na fundi akapewa paja.

Jioni ile ile nilimpigia simu yule mtu wa Nairobi kwamba asije. Jumamosi iliyofuata baba na mama walikwenda Bumula, na mama ameanza kupanda gari bila kushika mlango. Naye baba amesahau kabisa habari za ng'ombe kuhasiwa. Sasa anawaambia watu kwamba gari ya ukweli haikusumbui.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilisimama mbele ya dhania zile nisiingie jikoni. Nimefurahi, nataka ulijue hilo. Ule mzigo wa kungoja simu ya habari mbaya kutoka barabara ya Kiminini umenishuka, na ninalala. Lakini nyanya hayupo, dada yuko mbali, kisima cha Bumula kimefunikwa na mfuniko wa chuma, na hakuna mtoto atakayejua kwamba gari liliwahi kuhitaji watu watatu ili litoke nyumbani. Nilikuwa karibu kumgombeza mama kwa yale matundu.

Ndipo nikasikia injini upande wa mbele. Baba alikuwa akiligeuza gari, anakwenda sokoni. Kwa mkono mmoja, najua, na pengine kwa kidole. Sikusikia tairi likilia. Ila nilisikia sauti yake, ya utani sasa, ikivuka paa la nyumba: "Maji!"

Mama akatoka jikoni na kikombe cha maji, akanipa mkononi, akarudi kwenye chapati zake. Nikainama nikazimwagilia dhania.